Kona ya Fundi: Mazabodi Mpya, Windows Haifunguki – Usikubali Kufomati Haraka

  

Mwezi huu kona yetu inajibu swali moja tu, maana linakuja kila mara. Safari hii limeletwa na katibu wa kikundi cha akiba cha akina mama. Laptopu ya kikundi ilikufa siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Ikapelekwa mjini. Fundi akaipima, akasema mazabodi imeungua, akaweka nyingine. Sasa taa inawaka, feni inazunguka, lakini Windows haifunguki. Ni skrini nyeusi na maandishi meupe, basi. Fundi anasema, "Mama, hii tunaifomati, kesho unaichukua ikiwa safi." Katibu anauliza: nikikubali, hesabu za kikundi za miaka miwili zitabaki? Na vyeti vya watoto tulivyoviskani je?

Jibu fupi ni hili: mama, mwambie fundi angoje. Asifomati leo. Jibu refu linafuata, na tunaomba mlisome taratibu, maana siku moja litakuwa swali lako.

Kipi kimekufa, kipi kiko hai?

Kompyuta ina sehemu nyingi, lakini kwa jambo hili shika tatu tu. Ya kwanza ni mazabodi, yaani ule ubao mkubwa wa ndani unaounganisha vitu vyote. Ya pili ni diski, ambamo vitu vyako vinakaa hata umeme ukizimwa: picha, barua, hesabu. Ya tatu haishikiki kwa mkono. Ni mfumo wa uendeshaji, kama vile Windows au Linux, ndio unaoamsha kompyuta na kuipangia kazi. Na huo mfumo unakaa wapi? Kwenye diski, si kwenye mazabodi.

Kwa hiyo mazabodi ikiungua, mara nyingi Windows yako na mafaili yako yote yamo salama mle ndani ya diski. Ni kweli umeme mkali unaweza kuunguza ubao na diski pamoja. Lakini hilo linapimwa, halikisiwi.

Sasa mbona haifunguki? Tuchukue mfano tunaoujua wenyewe. Familia imehamishwa kutoka kambi moja kwenda nyingine. Baba ni yule yule, mama ni yule yule, watoto wote wapo, karatasi wanazo mkononi. Siku ya mgao wanafika, jina lao halimo kwenye orodha ya pale. Je, familia imekufa? Hapana, orodha ndiyo haiwajui. Na dawa yake si kuwafuta na kuwaandika upya kama watu waliozaliwa jana. Dawa ni kusahihisha orodha.

Mazabodi nayo ina orodha yake. Kwenye kompyuta za miaka hii, jina la programu inayoanzisha Windows au Linux huandikwa katika kumbukumbu ndogo iliyo kwenye mazabodi yenyewe. Ukiondoa mazabodi, orodha inaondoka nayo. Mazabodi mpya inaikuta diski ambayo haijawahi kuiona, inasema haijui ianzie wapi. Huo ndio ugonjwa wa kwanza.

Ugonjwa wa pili ni namna ya kuamka. Ziko namna mbili: ile ya zamani wanayoiita Legacy, na ya kisasa inayoitwa UEFI. Diski iliyopangwa kwa namna moja haiwaki kwenye mazabodi iliyowekwa namna nyingine. Mazabodi nyingi mpya haziijui kabisa ile namna ya zamani.

Ugonjwa wa tatu ni lugha ambayo mazabodi inaongea na diski. Utaona maneno kama IDE, AHCI au RAID. Windows ikiwekwa mara ya kwanza inazoea lugha moja. Mazabodi mpya ikija na nyingine, Windows inaanza kufunguka, halafu inaanguka njiani.

Ugonjwa wa nne ni wa barabara. Kompyuta imetoka Arua ikiwa nzima, ikaja Koboko ndani ya teksi, ikapanda boda mpaka Lobule. Lami ya Arua mpaka Koboko ni nzuri, lakini njia za ndani sisi sote tunazijua. Waya wa diski unalegea, kijiti cha RAM kinachomoka kidogo, na kompyuta iliyowaka kwa fundi haiwaki nyumbani. Hapo watu wanamlaumu fundi wa watu bure.

Soma skrini kabla ya kuogopa

Watu wanasema "kompyuta haiwaki" lakini wanamaanisha mambo tofauti kabisa. Chukua simu yako, piga picha ya skrini. Picha hiyo itakusaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Kama hakuna taa, hakuna feni, hakuna chochote, hiyo si habari ya Windows. Ni umeme, chaja, betri au mazabodi yenyewe. Kufomati hakuhusiki hata kidogo.

Kama nembo ya kampuni inatokea, halafu unaona maneno "No bootable device" au "Boot device not found", maana yake mazabodi inatafuta pa kuanzia na haipati. Ni ugonjwa wa kwanza, wa pili au wa nne.

Kama Windows inaanza, viduara vinazunguka, halafu inakuja skrini ya bluu yenye "Inaccessible Boot Device", au kwenye Windows za zamani namba 0x0000007B, huo mara nyingi ni ugonjwa wa tatu, wa lugha. Diski imeonekana, Windows imeonekana, ila wameshindwa kusikilizana.

Kama inaomba namba ndefu ya tarakimu 48, hiyo ni kufuli. Tutaiongelea peke yake hapa chini, maana ndiyo ya hatari.

Sheria moja: yasiyogusa diski yaje kwanza

Fundi mzuri unamjua kwa mpangilio wake wa kazi. Anaanza na mambo ambayo hayaandiki chochote kwenye diski. Halafu anatoa nakala ya mafaili. Halafu ndipo anarekebisha Windows. Kufomati kunakuja mwisho kabisa, tena kwa ruhusa yako. Fundi anayeanza na kufomati anarahisisha kazi yake, lakini hasara inabaki kwako. Tuzifuate hatua moja moja.

Hatua ya 1: Angalia waya. Kompyuta izimwe, chaja ichomolewe, na betri itolewe kama inatoka. Diski ichomolewe na kurudishwa vizuri, RAM vilevile. Chomoa flashi zote, maana kompyuta nyingine inajaribu kuwakia kwenye flashi na kukwama hapo.

Hatua ya 2: Je, mazabodi inaiona diski? Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaoitwa BIOS, kwa kubonyeza kitufe mara tu kompyuta inapoanza. Dell nyingi ni F2, HP nyingi ni F10, Lenovo ni F1 au F2. Tafuta jina la diski na ukubwa wake. Kama lipo, shukuru Mungu, nusu ya kazi imekwisha. Kama halipo, diski ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine, au ndani ya kasha la USB. Ikionekana huko, diski ni nzima. Na kama inatoa sauti ya kugonga, tik, tik, tik, izime na uiache. Kila ukiiwasha tena unazidi kuikwangua.

Hatua ya 3: Tazama saa na tarehe. Kama kompyuta inasema ni mwaka wa zamani, basi betri ndogo ya mazabodi imekwisha. Kwenye kompyuta za mezani ni kile kidude cha mviringo kama sarafu, kimeandikwa CR2032, cha volti 3. Hii inatuhusu sana sisi tunaotumia sola. Kila tukizima umeme usiku, kidude hicho peke yake ndicho kinalinda saa, na kwenye mazabodi nyingi ndicho kinalinda mipangilio pia. Kikifa, unarekebisha leo, inawaka, kesho asubuhi imesahau tena. Watu wanadhani ni majini, kumbe ni betri.

Hatua ya 4: Mpangilio wa kuwaka. Hapo hapo kwenye BIOS kuna orodha ya vitu ambavyo kompyuta itajaribu kuwakia. Diski yenye Windows iwe juu. Kama orodha inaonyesha "Windows Boot Manager", chagua hiyo.

Hatua ya 5: Namna ya kuamka na lugha ya diski. Kabla ya kugusa, piga picha ya kila ukurasa kwa simu, ili uweze kurudisha kama ulivyoukuta. Halafu badilisha kitu kimoja tu, ujaribu kuwasha. Kama ni UEFI, jaribu Legacy. Kama ni Legacy, jaribu UEFI. Isipokubali, rudisha ilivyokuwa, ndipo ugeuze lugha ya diski: kutoka RAID kwenda AHCI, au kinyume chake. Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja hutajua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu. Mabadiliko haya yako kwenye mazabodi, hayafuti mafaili yako. Kompyuta nyingi zinapona hapa hapa.

Ila angalizo: kama kompyuta yako ilikuwa na ile kufuli ya tarakimu 48, hata mabadiliko haya ya BIOS yanaweza kuifanya iombe namba. Itafute kwanza.

Toa nakala kabla ya kurekebisha

Umejaribu hizo hatua tano na bado? Sawa. Sasa, kabla fundi hajagusa Windows yenyewe, toa mafaili yako. Swali la watu wengi: nitayatoaje na kompyuta haifunguki?

Unatumia mfumo mwingine unaowakia kwenye flashi. Unaojulikana zaidi ni Ubuntu. Ni Linux, ni bure, na ni mradi ulioanzishwa na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth. Ulitoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004. Jina lake ni la lugha za Kibantu za kusini, ndugu wa neno letu "utu". Miaka ile walikuwa wanatuma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, mpaka 2011. Leo unaipakua kwenye intaneti na kuiweka kwenye flashi.

Ni faili kubwa, karibu GB 6, na bando tunajua bei yake. Kwa hiyo msipakue kila mtu ya kwake. Flashi moja ya GB 16 ikitengenezwa mjini kwenye intaneti nzuri inaweza kusaidia zoni nzima. Kama kompyuta ni ya zamani na RAM yake ni ndogo, kuna Linux nyepesi zaidi kama Lubuntu.

Ukiwasha kompyuta kwa flashi hiyo (Dell na Lenovo nyingi bonyeza F12, HP bonyeza F9 uchague flashi), itakuuliza: kujaribu, au kusimika? Chagua kujaribu, yaani "Try". Narudia: chagua kujaribu. Ukichagua "Install" na kubonyeza mbele bila kusoma, unaweza kufuta kile kile ulichokuja kukiokoa.

Ikifunguka, utaona diski yako kama unavyoona flashi. Ingia kwenye folda iitwayo "Users", utakuta majina ya watumiaji, na ndani yake picha, nyaraka, na vile vilivyowekwa kwenye dawati la skrini. Nakili kila kitu kwenye flashi ya pili au diski ya nje. Ikikuambia diski inasomeka tu lakini haiandikiki, usijali, kusoma ndiko tunakotaka. Ukimaliza, fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye ile nakala uone kama kweli yanafunguka. Jina la faili kuonekana si ushahidi.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kikundi cha akiba hilo si fumbo. Siku ya kugawana, kama hesabu hazipo, kila mtu atakumbuka kivyake. Mama mmoja atasema aliweka hisa 5 kila wiki, mwingine atasema hapana. Urafiki wa miaka unavunjika kwa sababu ya dakika 20 ambazo fundi hakutaka kungoja.

Sasa rekebisha

Mafaili yakiwa salama, fundi afanye kazi yake kwa uhuru. Hatuwafundishi ninyi kuwa mafundi kwa ukurasa mmoja, ila tunataka mjue maneno ya kumuuliza.

Kwanza ajaribu flashi ya Windows, achague kutengeneza, yaani "Repair your computer", kisha "Startup Repair". Hiyo inajitafutia kosa yenyewe. Isipofaulu, muulize kama amejaribu kuandika upya programu ya kuanzishia kwa amri iitwayo bcdboot. Hiyo ndiyo inarudisha jina la Windows kwenye orodha ya mazabodi, bila kugusa picha zako. Kwa skrini ya bluu ya ugonjwa wa tatu, muulize kama amejaribu Safe Mode, maana mara nyingi Windows ikifunguka hapo mara moja inajifunza lugha mpya ya diski, na ukiwasha tena inakubali.

Na kama mazabodi mpya haijui kabisa namna ya Legacy, na diski imepangwa kizamani? Iko programu ya Microsoft yenyewe inaitwa mbr2gpt, imo kwenye Windows 10 tangu 2017. Inageuza mpangilio wa diski bila kufuta mafaili. Lakini kwa kuwa inaandika kwenye diski, nakala iwe tayari mkononi.

Wenye Linux mna nafuu hapa. Linux imebeba draiva nyingi ndani yake, kwa hiyo mara nyingi ukiihamishia mazabodi nyingine inawaka bila maneno. Ikigoma, kwa kawaida ni ile programu yake ya kuanzishia, GRUB, inayohitaji kusimikwa upya. Hilo nalo halihitaji kufomati.

Yote yakishindikana, hapo ndipo mnasimika Windows upya, na hapo hakuna dhambi. Ila mfikirie jambo moja: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mitumba hazitimizi masharti ya Windows 11. Kwa kuandika barua, kutunza hesabu na kuangalia mtihani wa mtoto, Linux inatosha kabisa. Na haidai leseni.

Mahali ambapo mali inaweza kupotea kweli

Tumesema mara nyingi mafaili yako hai. Sasa tuseme lini si hivyo, maana hatutaki kuwadanganya.

La kwanza ni kufuli iitwayo BitLocker. Laptopu nyingi za Windows 10 na 11 zinafunga diski kwa siri, nyingine zinajifunga zenyewe pale mtu anapoingia na akaunti ya Microsoft, mwenye nyumba hana habari. Ufunguo unatunzwa kwenye kidude cha usalama cha mazabodi. Mazabodi ikibadilishwa, ufunguo umekwenda. Kompyuta itaomba ile namba ya tarakimu 48. Namba hiyo kwa kawaida inakuwa imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika mara ya kwanza. Kama laptopu ilitoka kwa shule au shirika, huenda iko kwao, waulizeni. Lakini kama namba haipo popote, hakuna fundi wa Arua, wa Kampala wala wa Marekani atakayeifungua. Anayekwambia "leta hela nitaivunja" anataka hela.

La pili ni zile laptopu ndogo za bei nafuu zenye hifadhi ya GB 32 au 64. Nyingi kati yake hazina diski ya kuchomoa. Hifadhi imechomelewa kwenye mazabodi yenyewe. Ukibadilisha mazabodi, picha zako zimebaki kwenye ile ya zamani. Kwa hiyo muulize fundi kabla: hii diski inatoka au haitoki? Na siku zote dai mazabodi yako ya zamani urudi nayo nyumbani. Uliinunua, ni yako.

La tatu ni kufomati kukishafanyika. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, ukisimama hapo hapo bila kuweka kitu kipya, kuna tumaini la kurudisha baadhi ya mafaili. Kwenye diski za kisasa za SSD, tumaini ni dogo sana, maana diski yenyewe inasafisha kilichofutwa.

"Windows yako imekwisha"

Neno jingine linalowasumbua watu. Kompyuta imepona, imefunguka, lakini inaandika kwamba Windows haijaamilishwa. Msiogope. Leseni ya Windows inafungwa na mazabodi, kwa hiyo mazabodi ikibadilika, Windows inadhani ni kompyuta nyingine. Mafaili hayafutiki kwa ajili hiyo. Kama leseni ilikuwa imeunganishwa na akaunti yako ya Microsoft, ndani ya mipangilio kuna sehemu ya kusema kwamba umebadilisha kifaa hivi karibuni. Wakati mwingine inakubali. Lakini leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani kwa kawaida ni ya kompyuta ile tu. Hilo ni jambo la leseni, na wala si sababu ya kukufomatia.

Kabla ya kuipeleka kompyuta mjini

Kwanza, kama kompyuta bado inawaka hata kwa shida, toa nakala leo. Tafuta na ile namba ya tarakimu 48, iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na karatasi zako muhimu. Usiiweke ndani ya laptopu hiyo hiyo.

Pili, kama diski inatoka, itoe, uifunge kwenye kitambaa kikavu, ubaki nayo. Kubadilisha mazabodi hakuhitaji diski yako. Kuna faida mbili: haitikiswi njiani, na hakuna mtu anayechungulia barua zako. Sisi wakimbizi tuna karatasi ambazo si za kila jicho. Fundi akimaliza, akijaribu mazabodi kwa diski yake, utarudisha ya kwako mbele ya macho yako.

Tatu, mwandikie fundi kwenye karatasi: "Usifomati bila kunipigia." Weka namba ya simu. Mkubaliane bei ya kazi kabla, na muulize kama kuangalia tu kunalipiwa. Akubali na kuiwasha mbele yako mpaka Windows ifunguke, kabla hujatoa pesa ya mwisho.

Nne, mazabodi mbadala iwe ya modeli ile ile. Nyingi mjini ni za mitumba, zimetolewa kwenye kompyuta nyingine. Modeli ikiwa ile ile, magonjwa tuliyoyasema juu yanapungua sana.

Tano, linda kilicho kizima. Wakaaji wa zamani wa West Nile wanakumbuka miaka ya jenereta. Bwawa la Nyagak karibu na Paidha lilianza 2012, nalo ni la megawati 3.5 tu. Mwaka 2024 mkoa wetu ukaunganishwa na gridi ya taifa. Ni maendeleo, lakini umeme popote duniani ukikatika na kurudi unaweza kupiga vifaa. Umeme ukikatika, chomoa chaja kwenye ukuta. Ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uchomeke. Haigharimu hata shilingi.

Na vile vitu ambavyo haviwezi kupatikana tena, kama picha ya bibi aliyebaki Kongo, cheti cha shule iliyochomwa, orodha ya kikundi, visikae mahali pamoja. Kimoja kwenye kompyuta, kimoja kwenye flashi kwa mtu mwingine unayemwamini, na hesabu za kikundi zichapwe au ziandikwe kwa mkono kila mwezi.

Katibu wetu, huo ndio ushauri wetu. Wengine mwenye swali aliandike kwenye karatasi, ampe anayewaletea gazeti hili. Andika maneno ya skrini jinsi yalivyo, hata kama huyaelewi, hayo ndiyo yanatusaidia. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya betri za sola: kwa nini zinakufa mapema, na mambo ya kuangalia kabla ya kununua ya mitumba.

Kaeni salama na familia zenu.